Pedeshee abaki kwenye sebene

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema muziki wa dansi uliuawa na mapedeshee, yaani matajiri wanaolipa ili majina yao yatajwe kwenye nyimbo. Kumbi za Dar es Salaam nimezizoea tangu ujana, na sijaona wimbo uliokufa kwa sababu tu ya jina la tajiri.

Wafadhili walikuwepo siku zote. Taarabu ya Unguja ilianza kama burudani ya kasri la Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi: vyombo vyake, mshahara wake, na sifa zake pia. Chama na serikali viliimbiwa sana, ila hakuna aliyeviita pedeshee. Mashirika yalipojitoa, huku kanda zikinakiliwa mitaani na mwanamuziki hapati hata senti, nani angelipia studio? Akaja mwenye fedha zake, akataka atajwe. Wakongo walishazoea, kwao huko ni kurusha libanga, yaani jiwe.

Mimi ninachogombea ni mahali jina linapowekwa. Sebene, ile sehemu ya wimbo ya magitaa na kucheza, likishakolea, rapa akamwaga majina hata kumi, hadanganywi mtu. Mtajwa anainuka na noti zake kwenda kutuza, meza ya jirani inaona wivu, nayo inaagiza litajwe la kwake. Ni mchezo, na rapa mjuzi hulipigisha jina mdundo likanoga kuliko kibwagizo.

Sasa nina kanda moja nyumbani. Mwimbaji ameachwa, watoto wanamuuliza mama yuko wapi, sauti inakatika kama ya mtu aliyetoka msibani. Nami nimeshainamisha kichwa. Kabla ya ubeti wa pili, kwa sauti ileile ya kilio, anamsalimu mfanyabiashara mmoja wa magari "na mkewe kipenzi". Machozi yakarudi yalikotoka! Tangu hapo nikisikia ubeti ule nahesabu tu: hiki kilio kiligharimu shilingi ngapi?

Watunzi, pokeeni fedha, njaa haina heshima. Lakini mwambieni mlipaji asubiri gitaa la solo liingie. Hata yeye atapata faida, maana jina lililowekwa penye kilio halifutiki. Yule wa magari, nasikia, ameshaoa mwingine, na wimbo bado unapigwa.

Mpenzi wa dansi,
Ilala, Dar es Salaam