Kufunga bei ya umeme na gesi Uingereza: anzeni na uniti zenu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaandikie wasomaji wenu wanaoishi Uingereza, ambao kila mara wanaletewa matangazo ya kuwataka wafunge bei ya umeme na gesi, yaani isibadilike, kwa mwaka mmoja au miwili. Wengi wanakubali kwa hofu ya bei kupanda, na wengine wanakataa kwa kuwa hawayaamini makampuni. Wote wanaamua kabla ya kupiga hesabu.

Bei kikomo inayotangazwa na mdhibiti wa umeme na gesi, Ofgem, haiwekei bili yako kikomo. Inabana bei ya uniti moja (kWh) na tozo ya kila siku, basi. Ile pauni 1,755 kwa mwaka iliyotangazwa kwa Oktoba hadi Desemba 2025 ni ya nyumba ya mfano inayotumia uniti 2,700 za umeme na 11,500 za gesi. Ukitumia zaidi, utalipa zaidi. Tena bei kikomo hubadilika kila miezi mitatu, na Ireland Kaskazini haimo.

Kuna pia wanaoamini wameshafunga bei kwa sababu benki inakata kiasi kilekile kila mwezi. Hayo ni makadirio tu ya kampuni kugawanya bili ya mwaka. Bei ya uniti inaweza kupanda huku makato yakibaki palepale, deni likajikusanya, kisha makato yakapandishwa kwa mpigo.

Chukua bili yako na utafute uniti ulizotumia kwa miezi 12, umeme peke yake na gesi peke yake. Usichukue pauni, maana hizo zina bei ya zamani ndani yake. Kwenye gesi usizidishe tarakimu za mita moja kwa moja na bei: mita nyingi hupima mita za ujazo, na mita moja ya ujazo ni takriban uniti 11. Mita za zamani hupima futi za ujazo. Kampuni ikikosea aina ya mita kwenye kumbukumbu zake, bili hukosewa karibu mara tatu, kwa hiyo hakikisha bili inataja kipimo kilichoandikwa kwenye mita yenyewe.

Kwa kipindi hicho cha mwisho wa 2025, wastani wa bei kikomo kwa wanaokatwa benki ulikuwa peni 26.35 kwa uniti ya umeme na 6.29 ya gesi, na tozo ya siku peni 53.68 na 34.03. Sasa tuchukue mkataba wa mfano: umeme peni 24.5, gesi 6, lakini tozo ya siku 62 na 38. Nyumba inayotumia uniti 2,700 na 11,500 ingeokoa kama pauni 38 kwa mwaka. Nyumba ndogo ya uniti 1,800 na 7,500 ingeokoa pauni 10 tu, kwa sababu tozo ya siku imemeza sehemu kubwa ya nafuu. Faini ya kuvunja mkataba ikiwa pauni 50 kwa umeme na 50 kwa gesi, mwenye matumizi hayo madogo hana sababu ya kujifunga.

Msimamo wangu ni huu: mkataba ulio chini ya bei kikomo kwa matumizi yako, usio na faini, chukua. Ulio juu yake ni bima, na bima ina maana kwa mtu ambaye bei ikipanda atalazimika kuzima hita watoto wakiwa ndani. Kabla ya kusaini, angalia kama tangazo jipya la Ofgem liko karibu. Hutoka mwishoni mwa Februari, Mei, Agosti na Novemba.

Mwenye mita ya kulipia kabla awe mwangalifu zaidi. Tozo ya siku huendelea hata akisafiri mwezi mzima bila kuwasha taa, na akirudi na kuongeza salio, inakatwa kwanza, kama kodi ya jengo inavyokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania. Akiwa na deni lisilozidi pauni 500 kwa umeme au kwa gesi, bado anaweza kuomba kuhamia kampuni nyingine na deni lake likahamishwa.

Mpangaji anayelipa kampuni mwenyewe ana haki ya kuchagua mkataba. Anayemlipa mwenye nyumba hana uchaguzi huo, lakini mwenye nyumba haruhusiwi kumuuzia uniti kwa bei kubwa kuliko anayolipa yeye.

Jambo ambalo matangazo hayalitaji: kampuni ikifilisika, kama zilivyofilisika nyingi kuanzia 2021, salio lako linalindwa ila bei uliyofunga inakufa nayo. Unahamishiwa kampuni nyingine kwa bei yake.

Ukishasaini una siku 14 za kubadili mawazo. Siku ya kuhama piga picha mita zote mbili, tarakimu zionekane, utume kwa kampuni ya zamani na mpya. Ugomvi mwingi wa bili ya mwisho huanzia kwenye makadirio. Siku 49 za mwisho wa mkataba unaruhusiwa kuondoka bila faini. Ziandike kwenye kalenda, kwani usipofanya lolote utarudishwa kwenye bei inayobadilika.

Msomaji wenu,
Leicester, Uingereza