Barua kwa mwanangu aliyeko Dadaab

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi, na kifua cha babako kimepoa.

Juzi baada ya laasiri alikuja mamako mdogo na kapu la changu, wabichi kabisa. Tukazungumza ya harusi na ya bei ya unga, akaaga. Nilipowatoa samaki niwapare magamba, chini ya kapu nikakuta bahasha ya kaki iliyozongwa nailoni isilowe: vyeti vya binamu yako na leseni yake ya udereva. Hakusema neno, lakini nilijua anataka umpatie kazi huko kwenu Umoja wa Mataifa! Ndiyo desturi yetu, kitoweo hutangulia na haja ikafuata.

Bahasha nimeirudisha. Samaki tumewala, maana waliletwa kwangu.

Huko uliko, kwenye kambi ya wakimbizi, kapu litakuja kwa sura nyingine. Mkimbizi aliyekaa foleni tangu alfajiri atakuletea mtandio, au noti iliyokunjwa ndani ya karatasi zake. Usimwone mtoa rushwa. Ana hofu tu, anaona kalamu mkononi mwako na anadhani maisha ya wanawe yamo humo. Lakini ukipokea, kabla ya magharibi kambi nzima itajua kwamba kwako hakuendwi mikono mitupu, na ile huduma mnayowaambia ni bure itakuwa imepata bei. Mrudishie palepale, kwa upole, wenzako wakiona. Akikukaribisha maji, kunywa. Sidhani kuna kanuni ya kukataza maji.

Katika zile kanuni ulizonisomea ulipokuja likizo, moja sijaisahau: ile ya Katibu Mkuu ya mwaka 2003. Mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa haruhusiwi kulala na mtu wa chini ya miaka 18, na kusema "sikujua umri wake" si udhuru. Wala pesa, kazi au msaada havitolewi kwa kubadilishana na mwili wa mtu. Utaniambia hayo waambiwe wanaume. Lakini kanuni hiyohiyo inakutaka uripoti hata unaposhuku tu, na hapo ndipo ninapokuhofia, kwa sababu nimekulea kusitiri. Sitiri ya jirani aliyegombana na mumewe. Ya mwenye kuwaharibu watoto wa watu usiisitiri, awe bosi wako, awe uliyefuturu naye sahani moja. Andika tarehe na ulichokiona, upeleke panapohusika. Umoja wa Mataifa una Ofisi ya Maadili tangu 2006, na kuwakinga walioripoti wasilipiziwe kisasi ni sehemu ya kazi yake. Wakikutisha, nenda huko mapema, usingoje mkataba uishe.

Ile kinga yenu ya kutoshtakiwa, ulisema mwenyewe, ni kwa ajili ya kazi ya shirika. Kwa hiyo ukikopa dukani, lipa kama sisi.

Binamu yako nimemwambia nafasi hutangazwa kwenye intaneti, aombe kama wengine. Amekubali, ingawa mamake bado amenuna. Sasa anauliza kama utamsomea barua yake ya maombi kabla hajaituma. Uliza kwanza kwa wakubwa wako. Wakikataa niandikie, nitamwambia mimi, wewe usigombane na mtu.

Mamako