Kulwa mwanangu, Jumatatu uende

Marahaba, salamu zako nimezipata. Doto kaniambia jana usiku kwamba usaili wa Jumatatu hutaki kwenda, eti kuna mtu wa kwenye simu kakwambia nyota yako imefungwa mpaka mwezi ujao, na ushamtumia elfu themanini. Elfu themanini Kulwa! Na mabati ya jikoni huku yanavuja. Jumatatu uende.

Nikuulize, wewe na Doto mmepishana dakika ngapi? Mwenzio ana duka, wewe umefungwa, nyota ni ipi hiyo? Na swali lenyewe silo langu, ni la Mtakatifu Augustino, tulimsoma jumuiya Kwaresima hii, naye aliuliza hivyo hivyo kwa mapacha, Esau na Yakobo. Ujanani kule mji wa Karthago, Afrika Kaskazini, alikuwa anawafuata wanajimu hivyo hivyo, wanamwambia dhambi zako si wewe, ni Zuhura, au Zohali, au Mirihi, na nani hapendi kuambiwa hivyo? Mzee mmoja daktari, Vindicianus, akamwambia atupe vile vitabu, yeye mwenyewe alivisoma ujanani ili apate riziki navyo, akaona ni uongo akaviacha. Hakumsikia, vijana ndo mlivyo.

Kilichokuja kummaliza ni hadithi ya mtu anaitwa Firminus. Baba yake na rafiki wa baba yake walikuwa wagonjwa wa nyota mpaka wanaandika saa mbwa anazaa. Basi mama yake Firminus na mtumwa wa yule rafiki wakajifungua saa moja, kila nyumba ikatuma mjumbe, wajumbe wakakutana katikati ya njia, nyota ile ile kabisa. Firminus akakua na mali na heshima, yule mwingine akabaki mtumwa. Ndo hapo Augustino akasema basi.

Na usinijibu tena habari ya Mamajusi kama ulivyomjibu Doto. Hilo nalo Augustino kalijibu, ile nyota iliwaka kwa sababu Kristo kazaliwa, hakuzaliwa kwa sababu imewaka.

Una akili Kulwa, hesabu ulikuwa unamzidi Doto na unajua. Ila uvivu wa kuamua huo sijui umeutoa wapi. Au najua. Kwa yule mzee mpiga ramli wa ng'ambo ya mto, ulikopelekwa ukiwa darasa la nne, hukujipeleka, na baba yako mpaka leo hajui, usimwambie. Na lile neno la una nyota ya wajomba zako lilinitoka kwa hasira, mbele za watu, siku ile ya msiba.

Ukikosa kazi umekosa, rudi tutapanga, lakini usije ukaniambia ni Zohali. Jumatatu uende, na viatu vile vyeusi, siyo raba.

Kuku wawili wameibiwa. Baba mguu unamsumbua tena, dawa ameficha. Sufuria langu kubwa bado uko nalo, mpe konda wa basi la Alhamisi. Tiketi ukikata nitumie picha.

Mama yako