Barua kwa Baba kutoka Siem Reap

Kwa mpenzi Baba,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta wewe, Mama na nyumba nzima mkiwa na afya njema. Mimi ni mzima, isipokuwa mvua za huku bado hazijatuacha.

Shule ninayofundisha imefungwa siku chache kwa ajili ya Pchum Ben, sikukuu ambayo Wakambodia huwatolea wazee wao waliokufa sadaka ya wali. Wengi wamerudi vijijini kwao na mji umepwaya, kwa hiyo niliazima baiskeli nikaenda Preah Khan, hekalu la kale lililo kaskazini mwa Angkor Thom, mji mkuu wa zamani wa wafalme wa Khmer, yaani Wakambodia wa kale. Tangu niliporudi nimekuwa nikikuwaza wewe, maana sijapata kuona jengo ambalo ningetamani fundi mwashi wa Lamu alikague kuliko hilo.

Hekalu hili liliwekwa wakfu mwaka 1191 na mfalme Jayavarman wa Saba kwa ajili ya baba yake; la mama yake, Ta Prohm, lilikuwa limelitangulia kwa miaka 5. Katikati palisimamishwa sanamu yenye sura ya huyo baba. Sanamu haipo tena, na mahali pake pana mnara mdogo wa mawe uliowekwa karne nyingi baadaye. Bibi mmoja aliyenyoa kichwa alikuwa ameketi kando yake akiwasha udi, bila kusema neno.

Ukuta wa nje unazunguka eneo la mita kama 800 kwa 700, nao umejengwa kwa yale mawe mekundu yenye vitundu ambayo huchimbwa yakiwa laini, kisha hukaza yakipigwa na hewa. Ndani yake palikuwa na mji mzima wa nyumba za miti, ambazo zimeoza zote, na bamba la maandishi lililofukuliwa hapo mwaka 1939 linahesabu watu 97,840 waliolihudumia hekalu. Ukisikia hesabu hiyo unatazamia kumbi za kupotelea. Kumbe ukiingia unajikuta katika shoroba nyembamba, nyingine za kiasi kwamba ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili.

Sababu yake utaielewa kuliko mimi. Mafundi wa Khmer hawakujenga tao la kweli kwa mawe ya kubanana. Walipandisha mawe kutoka pande mbili, kila tabaka likichomoza kidogo kupita lililo chini yake, mpaka yakakutana juu. Paa la namna hiyo haliwezi kuvuka nafasi pana. Nilisimama chini yake nikakumbuka ulivyokuwa ukituambia kwamba upana wa chumba cha Lamu huamuliwa na boriti ya mkoko, wala si na mwenye nyumba.

Wala hawakutumia chokaa, Baba. Mawe ya mchanga yalisuguliwa moja juu ya jingine hadi yakalingana, na palipobaki pazima sikuweza kupenyeza ukucha. Ila ungewagombeza kwa jambo moja: mara nyingi viungo vya mawe vimefuatana wima tabaka kwa tabaka, bila kupishanishwa, na mizizi ya miti mikubwa wanayoiita spung imepata njia humo ikaangusha paa nyingi. Mahali pengine mizizi hiyohiyo ndiyo inayoushikilia ukuta usianguke.

Paa zilipoanguka ndipo mwanga unapoingia, na sijui kama jengo zima lingenigusa hivyo. Milango imepangwa mstari mmoja, wa ndani ya mwingine, nayo hupungua kimo kadiri unavyokaribia kati, hata mtu mrefu huinama apende asipende. Unatazama giza, kisha kipande cha mwanga wa kijani juu ya kuvumwani, kisha giza tena. Kasuku walikuwa wakilia juu ya miti. Chini nilisikia matone tu. Juu ya kuta zimepangwa zidaka kama za ndani kwetu, lakini ni tupu, kwa kuwa sanamu za Buddha zilizokuwemo zilichongolewa baada ya mfalme huyo kufa, dini ya ikulu ilipogeuka.

Nimebaki na swali moja ambalo nakuachia wewe. Upande wa mashariki pana jengo dogo la ghorofa mbili lenye nguzo nene za mviringo, jambo lisilo la kawaida kabisa katika ujenzi wao, na halina ngazi. Nimelizunguka mara tatu nikitafuta hata alama ya mahali ilipoegemea. Nadhani ilikuwa ya mbao, lakini sikuona tundu la kuipachika. Nimekuchorea pande zake zote katika karatasi ya pili. Tafadhali niandikie ungeiweka wapi.

Msalimie sana Mama, na wadogo zangu wote.

Wassalaam,
Mwanao