Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mifugo wa Kaunti ya Mombasa: Chanjo Itangulie Leseni

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi. Tunakuandikia sisi tunaoshughulika na mbwa na paka kila siku: wahudumu wa mifugo, wafugaji wa mbwa wa ulinzi na walezi wa paka wa mitaani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi serikali ya kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika. Kazi hii basi iko mikononi mwako. Ombi letu ni moja: kanuni za kufuga mbwa na paka zianze na chanjo ya kichaa cha mbwa; leseni, ada na faini zifuate nyuma.

Sababu ni hii. Mtoze mkazi wa Mtongwe au Bangladesh ada ya leseni, umwekee na faini juu yake, na siku askari wa kaunti wakipita atasema mbwa yule si wake. Mbwa aliyelala mlangoni pake miaka minne atageuka koko kwa neno moja. Daftari lako litajaa mbwa wa majumba ya Nyali, ambao tayari wana kola na daktari, na wale wanaokutana na watoto njiani alfajiri hawatakuwamo. Lakini chanjo ikiwa bure, na cheti chake kikawa ndicho leseni, mtu huyo huyo atajitokeza, ataandikisha jina na namba ya simu, na utapata daftari la kweli.

Kipimo kinajulikana. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa kila mwaka, kichaa cha mbwa hukosa pa kupitia. Hesabu ni ya mbwa wote, wenye wenyewe na wasio nao. Ni kila mwaka kwa sababu mbwa wa mitaani hawaishi sana: waliochanjwa hufa, wanaozaliwa hawana kinga, na miezi kumi na miwili haiishi kabla kiwango hakijashuka. Jirani zetu wa Pemba walikifuta kichaa hiki mwaka 2014 kwa chanjo ya mbwa. Mwaka 2016 kikarudi na mbwa walioletwa kutoka nje ya kisiwa, ikabidi kazi ianze tena hadi kikafutwa mara ya pili. Kitovu cha Mombasa nacho ni kisiwa, ila chenye bandari, kivuko na madaraja yasiyolala. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu kwa ugonjwa huu.

Kampeni ya chanjo huharibiwa na mambo madogo, na hapa tunaomba uvumilivu wako. Chanjo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Katika joto letu watu huogopa isipate moto, wakaizika ndani ya barafu. Ikiganda imekufa, na ikiyeyuka huwezi kuitambua kwa macho. Chupa zifungwe kitambaa zisigusane na barafu, na kipimajoto kiwe ndani ya kasha. Chupa ya dozi kumi ikishafunguliwa itumike siku hiyo hiyo. Ya jana imwagwe. Kila timu iwe na watu watatu, mchomaji, mwandishi na mshikaji, na wote wawe wamechanjwa wao kwanza. Watoto wa mbwa wasirudishwe kwa kuwa hawajafika miezi mitatu: wachomwe, kisha warudiwe wakikua.

Kila mbwa aliyechanjwa apakwe rangi ya mifugo au avikwe utepe shingoni. Kesho yake alfajiri, kabla jua halijawatawanya, watu wawili wapite njia iliyopangwa wakihesabu wenye alama na wasio nayo. Wenye alama wakipungua saba katika kila kumi, timu irudi mtaa huo kabla ya kuhamia mwingine. Bila hesabu hii, ripoti itakayofika mezani kwako itakuwa ya chupa zilizotumika tu. Haitakuambia mtaa umelindwa au la.

Mombasa ina jambo lake pia. Katika baadhi ya nyumba za Waislamu mbwa hufugwa kwa ulinzi, hukaa uani, na hakuna amgusaye kwa ajili ya najisi ya mate yake. Mwenye mbwa huyo hatamfunga kamba ampeleke uwanjani, hata chanjo iwe bure. Si ukaidi, na kanuni isimwadhibu. Timu iende nyumba kwa nyumba na wavu wa mpini mrefu, imshike yenyewe. Isipangiwe Ijumaa adhuhuri wala jioni za Ramadhani. Kwingine, anayeweza kumshika mbwa ni mtoto wa nyumba peke yake, kwa hiyo Jumamosi au likizo ya shule ndiyo siku ya foleni ndefu.

Tunakusihi sumu isirudi katika kanuni kwa jina lolote. Strikinini huua kwa mitukutiko huku mnyama ana fahamu zake, na chambo au mzoga wake huweza kumuua paka au kunguru atakayeula. Hata kwa hesabu kavu haifai: ukiwaua mbwa wa mtaa huku jaa liko pale pale, wa mtaa wa pili huhamia, jike aliyebaki hubeba mimba ya siku 63 tu, na miongoni mwa waliouawa wamo uliowachanja kwa fedha ya umma. Mnyama asiyepona afe kwa sindano ya daktari wa mifugo.

Lililo na nguvu kuliko sumu ni pipa lenye kifuniko. Vichwa vya samaki, utumbo na mapafu yanayotupwa nyuma ya mabucha na pembezoni mwa soko la Kongowea ndiyo mshahara wa mbwa koko. Mapafu na maini yenye malengelenge humpa mbwa minyoo ambayo mayai yake humrudia binadamu. Leseni ya bucha ifungwe na sharti hili: mabaki yaondolewe kabla ya Magharibi.

Paka wa Mji wa Kale wanataka utaratibu mwingine. Wana walezi wanaowajua mmoja mmoja, na bila walezi hao mtego hautanasa kitu. Jioni ya kuamkia siku ya kutega wasipewe chakula: paka mwenye njaa ndiye huingia mtegoni, na tumbo tupu ndilo salama kwa dawa ya usingizi. Majike wapewe kipaumbele katika kufunga kizazi. Akiwa bado usingizini akatwe ncha ya sikio la kushoto, asije akapasuliwa tena mwakani, achomwe chanjo, kisha arudishwe kwenye kichochoro kile kile alichotolewa.

Mtu akiumwa na mbwa, kanuni iilazimishe zahanati kumpigia afisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, bila pilipili wala mafuta ya taa, na sindano zianze bila kungoja mbwa apatikane. Mbwa akipatikana asiuawe. Afungiwe siku kumi. Akiwa mzima baada ya hapo, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma. Akifa, kichwa kipelekwe kikiwa baridi kwenye maabara ya serikali ya mifugo, na Mariakani si mbali. Kwa ajili hiyo asipigwe risasi ya kichwa, kwani kinachochunguzwa ni ubongo.

Banda la kaunti, likijengwa, liezekwe makuti, kwa maana chini ya mabati ya Mombasa mbwa huweza kufa kwa joto mchana. Sakafu iwe ya saruji yenye mwinamo wa kutolea maji. Watoto wa mbwa watengwe, maana parvo, ugonjwa wa virusi wa kuharisha, huweza kuenea banda zima kwa haraka. Paoshwe kwa jiki, sehemu moja kwa thelathini za maji, baada ya kinyesi kuondolewa; juu ya uchafu jiki haifanyi kazi.

Rasimu ya kanuni ikiwa tayari, tunaomba isomwe na wahudumu wa mifugo wa kaunti ndogo zote sita, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, kabla haijapelekwa katika bunge la kaunti. Tuko tayari kuketi nao.

Wako katika utumishi,
Wahudumu wa mifugo, wafugaji na walezi wa wanyama, Mombasa