Norovbanzad hakuwa mwimbaji wa kooni

Mhariri,

Makala yenu kuhusu muziki wa Mongolia imemtaja Namjilyn Norovbanzad kuwa bingwa wa khöömei, yaani kutoa sauti mbili kooni kwa wakati mmoja. Sivyo. Fani yake ilikuwa urtiin duu, wimbo mrefu, na kuzichanganya fani hizi ni kumnyang'anya mama huyu kazi ya maisha yake yote.

Alizaliwa mwaka 1931 huko Dundgovi, katika jangwa la Gobi. Mwaka 1957 aliuimba wimbo mrefu Moscow, kwenye tamasha la dunia la vijana na wanafunzi, akapata medali ya dhahabu. Mwaka 1993 mji wa Fukuoka, Japani, ukamtunuku tuzo yake ya utamaduni wa Asia. Alifariki 2002, miaka 3 kabla UNESCO haijautangaza wimbo mrefu kuwa urithi wa wanadamu.

Urefu wenyewe si wa beti, ni wa silabi. Dakika 4 nzima huweza kubeba maneno 10 tu. Konsonanti hupitwa haraka. Irabu ndiyo inayovutwa, ikapandishwa na kutetemeshwa hadi ifike shurankhai, ile sauti nyembamba kabisa ya juu, kisha ikateremshwa taratibu bila kukatika. Sauti hupanda na kushuka karibu oktava 3. Pumzi hujazwa tumboni na kutolewa kwa kubaniwa. Anayeanza kwa kishindo huishiwa pumzi kabla hajafika kileleni, irabu ikakatika, na hapo hakuna tena cha kuokoa.

Mnasema pia kwamba zeze ndilo "linaloongoza" wimbo. Morin khuur, zeze lenye kichwa cha farasi na nyuzi 2 za singa za mkia, halimwongozi mwimbaji. Wimbo mrefu hauna mapigo ya kuhesabu, kwa hiyo mpiga zeze humfuata mwimbaji nyuma kidogo, akisikiliza anapovuta na anapopumua. Akianza kushika mapigo, mwimbaji hulazimika kuikata irabu mapema ili waende sawa.

Na kile kipande cha sekunde 30 mlichoambatanisha kinaishia wakati irabu ya kwanza ndiyo kwanza inaanza kupanda. Msomaji hakusikia chochote cha Norovbanzad. Tunaomba msahihishe makala, na wimbo uwekwe mzima.