Filamu za zamani zirudishwe ukumbini, lakini zionyeshwe inavyostahili

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba kumbi za sinema zinazorudia kuonyesha filamu za zamani zimeishiwa, na kwamba hakuna sababu ya mtu kukata tiketi kwa ajili ya filamu anayoweza kuipata kwenye simu yake kabla chai haijapoa. Hoja yake ya kwanza sina haja ya kuipinga, maana wafanyabiashara ni wafanyabiashara. Ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa kuwa mimi mwenyewe niliamini hivyohivyo kwa miaka mingi, mpaka siku nilipoketi ukumbini kuitazama Lawrence of Arabia, filamu ya David Lean ya mwaka 1962, ambayo nilikwisha kuiona mara tatu kwenye televisheni na kujihesabu kuwa naijua.

Katika filamu hiyo watu wawili wamesimama kwenye kisima jangwani. Mbali kabisa, ndani ya mazigazi, kinatokea kitone cheusi kinachotetemeka, kinachoweza kuwa kitu au kisiwe kitu, nacho kinakuja taratibu mno hadi inadhihirika kwamba ni mtu aliyepanda ngamia. Kwenye televisheni sikuwahi kukiona kitone kile kikianza. Nilimwona mpanda ngamia akiwa amekwisha kukaribia, nikawa najiuliza kwa nini mwongozaji anatukawiza. Ukumbini nilikiona kingali punje ya mtama, na mtu aliyekaa mbele yangu, ambaye tangu mwanzo alikuwa akitafuna bisi bila kupumzika, aliacha kutafuna. Sote tulikuwa tunakodoa macho kama wale wawili wa kisimani. Mpiga picha, Freddie Young, alitumia lenzi ndefu sana na mkanda wenye upana wa milimita 65, karibu mara mbili ya ule wa kawaida wa milimita 35, akijua kwamba picha yake itatandazwa juu ya skrini kubwa kama ukuta wa nyumba. Anayelitazama tukio hilo kwenye simu hulikosa, hata kama hakupepesa macho.

Msomaji mwenzangu alisema pia kwamba filamu ya zamani ni ileile siku zote. Si kweli. Hiyo ya Lean ilikatwakatwa baada ya kutolewa, na ilipokarabatiwa chini ya mtaalamu wa kukarabati filamu, Robert Harris, na kurudi kumbini mwaka 1989, baadhi ya vipande vilivyopatikana havikuwa na sauti, ikabidi mwigizaji wake mkuu, Peter O'Toole, na wenzake warudi studio kuyatamka upya maneno waliyoyasema zaidi ya miaka 25 nyuma. Metropolis ya Fritz Lang, ya mwaka 1927, ilifupishwa vibaya mapema sana, na takriban dakika 25 zilihesabiwa kuwa zimepotea hadi mwaka 2008, ilipotambuliwa nakala ya milimita 16 katika jumba moja la makumbusho la Buenos Aires, Argentina. Nakala hiyo ilikuwa imechakaa kiasi kwamba hata baada ya kusafishwa, sehemu zake zinajulikana mara moja kwa mikwaruzo inayoteremka kama mvua. Binafsi naipenda mikwaruzo hiyo. Inanionyesha ni wapi hasa filamu ilikuwa imejeruhiwa.

Kuna na suala la watu. Buster Keaton, mchekeshaji na mwongozaji wa filamu zisizo na sauti, alikuwa na desturi ya kuzijaribu filamu zake mbele ya watazamaji kabla ya kuzitoa. Alipoijaribu Seven Chances ya mwaka 1925, aligundua kwamba ukumbi uliangua kicheko pale mawe machache yalipomfuata kwa bahati mbaya akikimbia mteremkoni, kwa hiyo alirudi kazini, akatengenezewa mawe ya bandia kwa mamia, na kupiga upya mbio zile ambazo leo ndizo zinazokumbukwa kuliko kitu kingine chochote katika filamu hiyo. Kwa maneno mengine, tukio lile lilizaliwa na kicheko cha watu waliokaa pamoja gizani. Nimelitazama nikiwa peke yangu nyumbani, nikatabasamu. Ukumbini nililia kwa kucheka, na sidhani kwamba mawe yalikuwa yameongezeka.

Hata hivyo, Mhariri, lalamiko langu kubwa halimhusu msomaji yule bali wenye kumbi, ambao huzichukua filamu hizi na kuzionyesha ovyo. Katika ukumbi mmoja ambao sitautaja, Lawrence of Arabia ilianza kama ilivyokusudiwa, yaani kwa muziki wa dakika kadhaa bila picha yoyote. Watu walipiga miluzi. Kijana wa ukumbi akaingia na tochi, akatuomba radhi kwa hitilafu ya mitambo, na baada ya muda mfupi muziki ukakatizwa na picha ikasogezwa mbele. Hakuwa na kosa kijana yule, hakuna aliyemweleza. Mahali pengine nilitazama filamu ya miaka ya 1940 ikiwa imetanuliwa ili ijaze skrini pana ya kisasa, ilhali filamu nyingi za kabla ya mwaka 1953 zilipigwa katika umbo linalokaribia mraba, na matokeo yake ni kwamba kwa karibu saa mbili waigizaji walizungumza wakiwa wamekatwa vichwa kuanzia kwenye nyusi. Ili kulirekebisha hilo ilitosha mtu mmoja aketi ukumbini dakika tano kabla watazamaji hawajaingia. Sitaki hata kuzungumzia tabia ya kuziweka filamu hizi saa nne asubuhi siku ya kazi, kisha kusema kwamba hazina watazamaji.

Na je, kwa nini kila panapotangazwa filamu bora za zamani, orodha nzima inatoka Marekani na Ulaya? Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, ya mwaka 1973, ilikarabatiwa Bologna, Italia, mwaka 2008. Mwaka 2017 shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika, FEPACI, pamoja na UNESCO na taasisi iliyoanzishwa na mwongozaji wa Marekani Martin Scorsese, walianza mradi wa kuziokoa filamu za Afrika, wakilenga 50 kwa kuanzia, na Soleil Ô ya Med Hondo, ya mwaka 1970, ni miongoni mwa zilizokwisha kukarabatiwa. Nakala hizi zimo katika mfumo wa kidijitali, kwa hiyo hazihitaji projekta ya mkanda wala fundi aliyestaafu. Waafrika wengi wanaopenda sinema wamezisoma tu katika makala, na hata wale waliobahatika kuziona, wengi wamezionea kwenye kompyuta, katika nakala hafifu zenye manukuu yasiyosomeka.

Nakiri kwamba si kila filamu ya zamani hudai skrini kubwa. Zipo za watu wawili wanaogombana chumbani ambazo hazipotezi mengi nyumbani, na zipo zinazosifiwa kwa mazoea, ambazo ukubwa wa skrini huufichua udhaifu wao bila huruma. Ningependa kuligundua hilo mwenyewe nikiwa nimeketi ukumbini.

Gazeti lako huchapisha ratiba ya sinema kila wiki, na kwa filamu za zamani hutaja jina na saa peke yake. Naomba uongeze mwaka wa filamu, urefu wake kwa dakika, kama kuna mapumziko katikati, na kama nakala itakayoonyeshwa ni iliyokarabatiwa au la. Wenye ukumbi watalazimika kuyajua hayo kabla ya kuwaletea tangazo, na ninyi mtahitaji mstari mmoja tu wa ziada.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi